Redio ya Mzee Machibya

Moshi ulitoka pale pale Deogratias alipochomeka waya ukutani. Kabula, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, hakushangaa hata kidogo. Alisonya, akaendelea kumenya.

Kaka yake ndivyo alivyokuwa. Alifuga kuku, wakafa. Akajitia kushona viatu, akauza cherehani. Sasa eti ni fundi redio, kisa katazama video kwenye simu na kununua bisibisi mpya.

Redio yenyewe ilikuwa ya baba yao, Mzee Machibya: sanduku zito la mbao lenye valvu za kioo ndani, lililonyamaza tangu Kabula hajaolewa. Mzee alikuwa ametoa ahadi mbele ya wote wawili. Siku Deogratias atakapoifanya iseme, atapewa kiwanja cha barabarani afungue karakana. Na kwenye kiwanja hicho ndipo lilipokuwa banda la chakula la Kabula, lililomlisha yeye na wanawe tangu mumewe alipoondoka.

Kwa hiyo kila jioni alipita kumtazama yule mjinga akiharibu. Valvu moja ilipasuka ikifutwa vumbi. Nyingine aliilazimisha kwenye tundu lisilo lake, pini zikapinda.

"Kaka, hata kuvunja unavunja vibaya," Kabula alimwambia.

"Hii inataka akili, siyo mwiko."

Baba yao akacheka kitini, akamgeukia Kabula, ambaye humwita mayu, yaani mama. "Hata ilipokuwa nzima ilikuwa na maringo, mayu. Unaiwasha, unaenda kufunga ndama, ukirudi ndiyo inaanza kukohoa."

Msimu wa pamba ulipofunguliwa, Deogratias aliacha ghafla kulalamika. Akapigilia misumari kwenye mgongo wa redio na kukataza mtu yeyote kuigusa.

"Na kale karedio kako ka shambani kako wapi?" Kabula alimuuliza. "Nilitaka kukaazima nikaweke bandani."

"Nimekagawa. Fundi mzima nihangaike na kadude kale?"

Jumapili, baada ya ibada, mzee aliita majirani. Deogratias akachomeka waya, na taa ndogo nyuma ya kioo cha mbele ikawaka. Akapenyeza vidole kwenye upenyo wa chini, eti kuna waya umelegea, na redio ikaanza kusema pale pale. Sauti safi ya mtangazaji ikajaa sebuleni.

Majirani wakapiga makofi. Mzee Machibya akajifuta macho kwa kiganja. Kabula aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni; miezi yote ile alikuwa akimsonya mtu, na mtu kaweza. Kisha akakumbuka sufuria zake na wateja wake wa asubuhi, na hakujua atahamia wapi.

"Mayu, niliahidi," baba yake alisema bila kumtazama.

Kabula akafungua fundo la khanga, akatoa funguo za banda na kuziweka mezani mbele ya kaka yake.

Deogratias hakuharakisha kuziokota. "Nakupa siku mbili uhamishe masufuria yako," alisema. "Watu wasije wakasema nina roho mbaya."

Ndipo umeme ulipokatika. Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikasimama. Taa nyuma ya kioo cha redio ikazimika.

Mtangazaji peke yake ndiye aliyeendelea, akisoma bei ya pamba.