Lebo Kutoka Chumba cha Baridi

Kitasa kilimbakia mkononi. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umeshajifunga, naye mtengeneza lebo akasimama ndani na kipande chake cha chuma, kama mtu aliyeng'oa kishikio cha kikombe cha watu.

Aligonga. Alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Mitambo ya kupoza ilinguruma kumshinda. Masanduku ya samaki yaliendelea kupita mbele yake juu ya mkanda, mashine ikiyabandika lebo, kisha yakatokea upande wa pili kwa upenyo ambao hata paka angejibana.

Upande huo alikuwako wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyemtafutia kazi. Yeye na wapakizi wenzake waliyapanga masanduku kwa namba.

Namba ndiyo iliyotawala pale. Tangu mashine ifundishwe kuhesabu yenyewe, msimamizi aliimba wimbo mmoja kila asubuhi: "Mkanda hausimami, wala mtu habanduki, mpaka namba iruke. Ikiruka, simamisheni, mniite." Juzi mpakizi alikatika kidole. Alifungwa kitambaa huku masanduku yakipita, maana namba zilikuwa zimenyooka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mtengeneza lebo alifuta jina la samaki kwenye mashine, akaandika: NIMEFUNGIWA NDANI. FUNGUENI. Lebo ikatoka na namba yake chini, 412, ikaenda zake.

Akasubiri. 413. 414. 415. Hakuna aliyekuja.

Kwenye 430 aliandika: NAGANDA. Kwenye 455: WIFI, NI MIMI, NAKUFA. Vidole havikuwa vyake tena. Alimkumbuka mwanawe wa miezi sita, anayemsubiri anyonye, akalia kwa hofu.

"Hawasomi," alijiambia. "Wanatazama namba tu, mbumbumbu wale!"

Aliposikia maneno yake mwenyewe, aliigeukia mashine. Kuizima mashine aliogopa, ndiyo mdomo pekee aliobaki nao. Lakini namba angeweza kuichezea. Vidole vilipokataa, alibonyeza kwa kiwiko, akakosea, akarudia. Baada ya 498 ikatoka 500.

Mkanda ulisimama palepale. Haikupita dakika, mlango ukafunguliwa kutoka nje.

Msimamizi aliingia wa kwanza, macho kwenye mashine. "Mia nne tisini na tisa iko wapi?"

Wifi alimpita mbio, akamvika mtengeneza lebo koti lake, akamkumbatia huku machozi yakimtiririka.

"Wifi, mwenzenu nilikuwa nakufa! Yaani hamkusoma hata moja?"

"Tulisoma zote, wifi yangu," alisema, akimsugua mikono. "Tangu ile ya kwanza. Tulikuwa tunakuombea namba iruke."