Kumi Juu ya Kumi

Binti aliposhuka kwenye vyuma vya jimnastiki, kocha alimbonyeza kifundo cha mkono, pale palipovimba chini ya unga wa chaki aliojipaka asiteleze. Binti akatabasamu.

“Panauma?”

“Hapana, kocha.”

Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Jasho likamtoka binti puani, tabasamu likazidi kupanuka.

“Mwanangu huyo halii ovyo,” mama mtu alijigamba kutoka kwenye benchi. “Chuma cha pua! Mpandishe daraja tu.”

Kocha alilijua tabasamu lile. Katika umri huohuo alilivaa msimu mzima, na makocha wake wakampigia makofi.

Akaivuta fomu ya mchujo. Penye uvumilivu akaandika kumi juu ya kumi, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haujashika kalamu tangu msimu ule.