Nukta Tatu

Skrubu ilipotoka, kibao cha mpini wa bastola kilimwangukia Onyancha mkononi. Upande wa ndani aliona alama yake mwenyewe, nukta tatu alizochoma kwa msumari wa moto. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Nje kibao kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi. Ndani ulikuwa ule ule mzeituni aliouchonga kuwa mpini wa bastola ya ndugu yake, aliyeuawa mwaka juzi kwenye barabara ya mashamba ya chai. Tangu siku hiyo bastola yake haikuonekana tena.

"Fundi, mbona umekodoa macho kama mtu aliyeona nyoka?" jirani yake aliuliza akicheka. Ndiye aliyeileta. Ndiye pia aliyebeba jeneza la ndugu huyo upande wa kichwa.

"Kibao kimepasuka. Uliitoa wapi bastola hii?"

"Ni ya zamani. Aliniachia baba."

Mvua ilianza kupiga mabati. Onyancha alizipapasa zile nukta kwa kidole gumba, polepole.

"Lete mkono nipime," alisema. "Mpini huchongwa kwa kipimo cha mwenyewe."

Jirani aliulaza mkono wake mezani. Onyancha aliushika, akaweka penseli chini, akaubana kwa nguvu.

"Pole pole, fundi. Unaniumiza."