Nafasi ya Zawena

Siku hizi marekebisho ya mfumo wa kichwani mwa mume hayaingizwi mpaka mkewe ayakague. Tunu akaikuta hitilafu ya mumewe, Kibwana: nafasi ya kumbukumbu aliyotengewa marehemu Zawena, mke wa kwanza, haikuwahi kuachiwa, na kichwa kilikuwa kinajaa. Fundi alishaandika msimbo wa kuiachia, akaonya: "Dada, angalia kwanza nini kingine kinaiegemea."

"Kumbe bibi huyu bado yumo, kajitandaza!" Wivu ukamkaba Tunu, akaidhinisha bila kuangalia.

Asubuhi Kibwana alichemsha chai kimya, bila ule mluzi uliomfanya Tunu ampende.

"Bwana'ngu, leo hupigi mluzi?"

"Mluzi gani, mke wangu?"

Tunu, ambaye hakuwahi kujua kupiga mluzi, akabana midomo amkumbushe. Ikatoka pumzi tupu.