Neno la Wifi

Tangu Mbaraka azikwe, kalamu ya insulini ya mjane wake, Sikudhani, ilifunguka kwa kidole cha Zawena tu, dada wa marehemu. Ndiyo sheria: mgonjwa hawezi kuachiwa kalamu mpaka ndugu aliyeandikishwa amwone akijichoma sawasawa, kisha aiambie kalamu, "Ameweza."

Asubuhi hiyo Zawena aliingia bila hodi, akakigusa kifuniko kikafunguka, akaketi kwenye kiti cha kaka yake.

"Haya, tuone ufundi wako. Kaka yangu ulimfanya nesi mpaka akafa."

Sikudhani aliichukua kalamu. Uji wake ulikuwa unapoa mezani. Alizungusha kipimo, akatoa tone moja hewani, akafinya nyama ya tumbo upande ambao hakuchomwa jana. Sindano iliingia. Alihesabu taratibu mpaka kumi, kama Mbaraka alivyozoea kumhesabia, ndipo akaichomoa. Hata damu haikutoka.

"Sema basi, wifi."

Taa ya kalamu iliwaka, ikingoja. Zawena alikuwa akipapasa mkono wa kiti, pale rangi ilipobanduka kwa kiwiko cha kaka yake.

"Nikisema, utanifungulia tena mlango huu?"

Sikudhani alitaka kusema ndiyo. Badala yake akauvuta uji wake karibu.

"Hajaweza," Zawena akaiambia kalamu, na kifuniko kikajifunga. Alisimama, akajitanda khanga yake. "Jioni nakuja tena. Na kiti hiki usikihamishe."