Salamu Tatu za Panya Buku

Panya Buku alisomea ukaguzi wa hesabu katika Chuo cha Kichuguuni, chuo ambacho wakubwa wa porini walijifanya hawajapata kukisikia. Mara tatu alikwenda kwa Korongo, bosi wa kampuni kubwa ya wakaguzi, kuomba kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kichuguuni ndiyo wapi? Sisi tunachukua watoto wa Chuo cha Ziwani. Una mtu wa kukushika mkono?"

Hakuwa naye. Mara zote tatu alirudi nyumbani na hasira zake.

Siku moja Korongo akakagua ghala la Tembo akiwa amesimama mlangoni, akatia sahihi: magunia mia, yote mahindi. Njaa ilipoingia, Tembo akayafungua akakuta pumba tupu. Akamwita Panya Buku, mkaguzi awezaye kupenya kati ya magunia, achunguze mpaka gunia la chini kabisa, aandike ripoti.

Korongo akamkimbilia. "Binti yangu, si tunajuana? Ulikuwa unakuja kunisalimia! Nisitiri basi."

"Nilikuja mara tatu hukunijua. Leo nimeshika kalamu, ndiyo nimekuwa binti yako?"

Akaandika: "Mkaguzi hakuvuka mlango." Chini akatia sahihi yake, na jina la Kichuguuni kwa herufi kubwa.