Mashine ya Mama Yake Loretta

Loretta alikuwa anaondoka Jumapili, na mashine ilikuwa bado inakoroma.

Haikupaswa kukoroma. Mashine ya kufyonza vumbi ya aina ile, ya kijani, nene kama pipa dogo, ikiwa nzima huimba. Wendell Krieger aliifungua mota tena, akafuta masizi ya kaboni, akatia grisi kwenye beringi, akaifunga. Ikakoroma.

Chumba cha chini ya nyumba kilijaa mashine hadi kwenye ngazi. Nyingine zilikwishapanda juu, zikameza chumba cha binti yao, kisha varanda, kisha nusu ya sebule. Kwenda jikoni ilibidi mtu apite ubavuubavu. Mwezi uliopita Loretta alisimama katikati ya mabomba akasema, "Nabanwa, Wendell. Humu ndani sipumui." Wendell akamfungulia dirisha. Ndipo mke wake akasema anahamia kwa binti yao, mjini Toledo.

Hakugomba. Loretta hakuwa mtu wa kugomba, wala kubamiza milango. Milango yote aliiacha wazi, hadi wa bafu, na ya makabati alimwomba Wendell aing'oe mwaka ule ule waliooana. Wendell alikwishazoea. Kila mtu ana vyake.

Lakini Wendell alikuwa na dawa ya kumfanya abaki. Wakusanyaji wa mashine hizi, Ohio nzima, wana hadithi moja: kila mmoja alianza akiwa mtoto, akitambaa sakafuni nyuma ya mashine ya mama yake. Kwenye mikutano ya chama chao, ikiwashwa mashine fulani, utaona dereva wa lori amefumba macho, machozi yanamtoka. Wendell hakuwahi kukutana na mtu ambaye mlio wa mashine ya kwao haukumlainisha.

Kwa hiyo mama yake Loretta alipofariki, na nyumba ya kwao mjini Lima, huko huko Ohio, ikanadiwa pamoja na vyombo, alijua la kufanya. Loretta hakwenda mazishini. Alisema ana mafua. Mnada hakutaka hata kutajiwa. Wendell alikwenda kimyakimya na Merle, rafiki yake wa chama.

Mashine ya marehemu waliikuta kwenye stoo ya chini ya ngazi. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje.

"Komeo la nini tena?" Merle aliuliza. "Walidhani itatoroka?"

"Kwa uzuri huu, hata mimi ningeifungia."

Sasa ilikuwa juu ya meza ya kazi, na Merle ameinama anaikagua kwa tochi. Ubavu mmoja, chini kabisa, rangi ilikuwa imechimbwa kwa mikwaruzo, mistari juu ya mistari. Mpira uliozunguka bodi ulikuwa umetafunwa.

"Mbwa," Merle alisema. "Na lile komeo ni lake. Mkorofi kweli huyo."

"Loretta hajanitajia mbwa hata siku moja."

"Ulimuuliza? Wewe mwanamke wa watu unamsimulia mifuko ya vumbi tangu harusi."

"Harusini sikusimulia."

"Ulisimulia, mzee. Nilikuwepo. Mchungaji alisinzia." Merle alipitisha kidole kwenye mikwaruzo. "Ungeiacha hivi. Alama za maisha yake hizi."

"Nataka aione kama ilivyotoka dukani. Akiiona hivyo, haendi popote."

Merle alizima tochi. "Na asipobaki?"

Wendell alichukua msasa.

Alisugua mpaka bati likang'aa. Akaziba mashimo, akasugua tena, akapuliza rangi ya kijani aliyoichanganya mwenyewe hadi ikalingana na ile ya zamani. Mpira uliotafunwa aliutupa, akavalisha mpya. Mwisho aligundua kaboni moja, ya kupeleka umeme kwenye mota, imekaa upande, akaiweka sawa. Jumamosi, kabla ya chakula cha jioni, mashine iliimba. Wendell alikaa juu ya ndoo akaisikiliza na kofia yake mkononi.

Jumapili sanduku lilikuwa sebuleni, na Loretta amevaa koti.

"Dakika moja tu, Lori," Wendell alisema. "Halafu ukitaka kwenda, nenda."

"Binti yako ananisubiri."

"Dakika moja."

Akaileta imefunikwa shuka. Akausukuma mlango wa mbele ukajifunga, ili mlio usipotelee nje. Akavuta shuka, akachomeka plagi, akabonyeza swichi.

Sebule yote ilijaa wimbo. Wendell alimtazama mke wake usoni, akingoja afumbe macho.

Hakuyafumba. Alitazama mlango uliofungwa, kisha mashine. Taratibu akapiga magoti, koti na yote, akatembeza vidole kwenye ubavu ule, chini kabisa. Amelainika, Wendell aliwaza. Akazima mashine ili wazungumze.

"Unaikumbuka?"

"Palikuwa na alama hapa."

"Nimezitoa zote. Hutaona hata moja."

Vidole vyake vilirudi pale pale, vikapapasa rangi mpya kwa kucha. "Na huku kwenye mpira?"

"Huo nimeutupa. Mbwa wenu alikuwa ameutafuna vibaya."

Loretta aliinuka. Aliufungua mlango wa mbele mpaka ukagusa ukuta.

"Kwetu hatukuwahi kufuga mbwa, Wendell."

Alichukua sanduku. Aliacha funguo, pete, na mlango wazi.